Mlango au injini? Namna ya kujua seli imekwama wapi

Jirani yangu hapa Nzuguni, Dodoma, mama mmoja mtu mzima, alinisimamisha getini mwezi wa kwanza mvua zikiwa zimekolea, mkononi kashika mche wa nyanya umelegea wote, majani yananing'inia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie mwalimu, hii nyanya naimwagilia asubuhi, naimwagilia jioni, na mvua inanyesha juu yake, mbona inakufa kama ina kiu?"

"Ulipoona imelegea ulifanyaje?"

"Si nikaongeza maji!"

Hilo jibu ndo limenifanya nikae chini niandike, kwasababu karibu wote tunafanya hivyo hivyo. Mche ukinyauka tunaongeza maji, mboga ikidumaa tunaongeza urea, mtoto akiharisha mpaka akalegea tunampa soda apate nguvu, ng'ombe akikonda kiangazi tunamsogeza kwenye kijani chochote kilichopo, yaani dawa yetu ni kuongeza tu. Na mara nyingi hicho kitu kipo tayari, kimejaa tele pale nje, ila hakiingii ndani ya seli, au kimeingia lakini seli haiwezi kukitumia.

Kwahiyo wanafunzi wangu nawafundisha kuuliza swali moja kabla ya kugusa kitu, tatizo ni mlango au ni injini? Mlango ni utando wa seli na vinavyopita hapo, injini ni ile kazi ya kugeuza chakula kuwa nguvu. Ukikosea hapo utatibu kitu kingine kabisa, na wakati mwingine utaua.

Kwanza seli yenyewe ilivyo

Seli yoyote ile, yako, ya mtama, ya hamira, imezungukwa na utando wa mafuta mwembamba sana, ukipanga tando laki moja na zaidi juu kwa juu ndo unapata milimita moja. Oksijeni na hewa ya ukaa zinapenya zenyewe bila kuuliza mtu. Maji yanapenya kidogo, ila njia yake kubwa ni vitundu vya protini vinavyoitwa akwaporini, aliyevigundua ni Peter Agre wa Marekani na vilimpa Nobel mwaka 2003. Sukari na chumvi hazipiti kwenye mafuta, lazima zikute protini ya kuzipitisha. Protini nyingine zinapitisha kitu kikiwa kinashuka tu, kutoka palipo na kingi kwenda palipo na kichache, hiyo haina gharama. Nyingine ni pampu, zinapandisha kitu mlima, na pampu inakula ATP, yaani ile nguvu ambayo seli inaitumia kama hela ya kulipia kazi zake. Pampu maarufu kuliko zote ni ya sodiamu na potasiamu, kila ikitumia ATP moja inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, na inafanya hivyo usiku na mchana kwenye mwili wako mzima, hata ukiwa umelala tu inakula kama sehemu ya tano mpaka robo ya nguvu yako yote.

Halafu kuna jambo moja ambalo ukilishika hutapotea tena: maji hayana pampu. Hakuna seli inayosukuma maji. Maji yanafuata, palipo na chumvi au sukari nyingi ndo yanakokwenda, hiyo ndo osimosisi. Ukitaka maji yaingie unaingiza chumvi au sukari kwanza, nayo yatakuja nyuma yake.

Sasa injini. Chembe moja ya glukosi, yaani sukari, ikivunjwa bila oksijeni seli inapata ATP 2 tu. Oksijeni ikiwepo, mitokondria, vile vijumba vidogo ndani ya seli, wanamalizia kazi na hesabu inafika kama 30 mpaka 32 (vitabu vingi vya shule bado vinasema 38, hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, utando halisi unavuja kidogo na kusafirisha vitu kuingia na kutoka mitokondria kunalipiwa). Wanafanyaje? Hapa kwetu mfano ni rahisi, fikiria bwawa la Mtera. Maji yanazuiliwa upande mmoja wa ukuta, yanapewa njia moja tu ya kupita, na yakipita yanazungusha mitambo umeme unatoka. Mitokondria wanajaza ayoni za haidrojeni upande mmoja wa utando wao wa ndani, zikirudi zinapita kwenye protini inayozunguka kweli kweli, na kila ikimaliza mzunguko mmoja zinatoka ATP 3. Peter Mitchell wa Uingereza alilisema hili mwaka 1961 na wenzake wengi wakalikataa kwa miaka, mpaka 1978 akapewa Nobel.

Kwahiyo unaona, injini yenyewe imejengwa kwenye utando, na milango mingi inaendeshwa na injini. Mwaka 1997 Nobel ya kemia waligawana watu watatu, Paul Boyer na John Walker kwa ile mashine inayozunguka, na Jens Skou wa Denmark kwa pampu ya sodiamu, injini na mlango tuzo moja, mimi hiyo huwa inanifurahisha sana. Ila kwa mtu anayetafuta tatizo inamaanisha kimoja kikizima kinaweza kuzima cha pili, na lazima ujue kipi kilianza.

Na usisahau ATP haiwekwi akiba. Mwilini mwako sasa hivi kuna kama gramu 50 tu, zinazungushwa na kutengenezwa upya mpaka kwa siku jumla yake inakaribia uzito wako wewe. Injini ikisimama hamna tenki la dharura.

Mche umenyauka na udongo umelowa

Hii ndo ya mama. Anza kwa kuangalia saa. Mche unaolegea saa nane mchana afu jioni ukasimama hauna shida, jua la Dodoma na upepo wake vinakausha majani haraka kuliko mizizi inavyoleta, usiuguse. Mche ambao saa kumi na mbili asubuhi bado umelala, huo ni mgonjwa.

Ukiona hivyo usimwagilie, chimbua mmoja. Mizizi myeupe migumu na udongo chini mkavu, basi ni kiu ya kweli, mwagilia. Mizizi ya kahawia, ukiivuta ganda linavuka na kubaki uzi katikati, na inatoa harufu mbaya, hiyo imekosa hewa. Na kama mizizi haina shida sana ila mche umenyauka ghafla ukiwa wa kijani, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi ulishikilie bila kutikisa dakika chache, ukiona kitu kama uzi mweupe wa maziwa kinashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, wanaziba mirija, ng'oa choma na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa muda mrefu.

Za mama zilikuwa za kahawia. Bustani yake iko bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, na mvua ya huku unaijua, kwa mwaka ni kama milimita 570 tu lakini inashuka yote kati ya Desemba na Aprili na ikija inakuja kwa hasira, yale matundu madogo ya udongo ambayo huwa yana hewa yote yakajaa maji. Oksijeni ndani ya maji inasafiri polepole kama mara elfu kumi kuliko kwenye hewa, seli za mizizi zikamaliza ile kidogo iliyokuwepo, injini ikashuka kutoka ATP 30 mpaka 2. Pampu zikalegea, ndani ya seli kukawa na asidi, na asidi ikizidi zile akwaporini zinajifunga. Mlango wa maji umefungwa mzizi ukiwa umesimama ndani ya maji! Kwahiyo ile kiu aliyoiona mama ilikuwa ya kweli, ila kila ndoo aliyoongeza ilikuwa inafunga mlango zaidi.

Dawa yake ni hewa. Acha kumwagilia, chimba mfereji maji yatoke, pandisha matuta, tifua juu juu bila kukata mizizi, na urea weka pembeni kabisa kwasababu mzizi unaoshindwa kulipia pampu hauwezi kuvuta mbolea, utakachofanya ni kuongeza chumvi nje. Mtu atasema mbona mpunga wa Bahi unakaa kwenye maji miezi na haufi, ni kwasababu mpunga una njia za hewa ndani ya shina mpaka kwenye mizizi, unajiletea oksijeni wenyewe kutoka juu. Nyanya haina hiyo.

Ncha za majani zimeungua, juu ya udongo kuna weupe

Huu ni mlango, injini haina kosa. Maji ya visima vingi huku katikati yana chumvi, ukichemsha tu unaona ukoko kwenye sufuria, na ukimwagilia miezi mfululizo jua linanyanyua maji linaacha chumvi pale pale. Inafika siku maji ya udongoni yana chumvi nyingi kuliko seli za mzizi, na maji si yanafuata chumvi, basi yanabaki udongoni au yanatoka ndani ya mzizi. Dalili inaanzia majani ya zamani, ncha na kingo zinakuwa kama zimechomwa na pasi, mbegu zinaota chache chache, maharage yanakuwa ya kwanza kulalamika wakati spinachi na mtama zinavumilia zaidi.

Kama huna uhakika fanya kipimo cha makopo. Chukua makopo mawili yenye matundu chini, udongo ule ule, mbegu zile zile, moja mwagilia maji ya kisima na jingine maji ya mvua uliyokinga, wiki mbili mpaka tatu. Mimi nakiamini kuliko maneno ya mtu yeyote maana unakiona kwa macho, na hakina gharama.

Dawa ni kumwagilia maji mengi kwa mara moja yashuke na chumvi kwenda chini ya mizizi, sio kidogo kidogo kila siku, na kufunika udongo kwa nyasi jua lisinyanyue chumvi tena. Ila kama maji hayashuki kabisa, udongo umeshikana ukikauka unakuwa kama saruji, hapo sodiamu imeshaharibu udongo wenyewe na wengine wanatumia jasi, ile inayochimbwa Itigi, kalsiamu yake inaisukuma sodiamu itoke afu ndo unaiosha. Hapo ongea na bwana shamba apime udongo kwanza, jasi kwenye udongo usioihitaji ni hela ya bure.

Mche ukiungua siku mbili tatu baada ya kuweka urea ni hadithi ile ile, umeweka nyingi au umeirundika shinani, mwagilia maji mengi haraka.

Ng'ombe kaanguka ghafla malishoni

Hapa soma taratibu. Kabla ya yote, mnyama akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimpasue, usimchune, usimle, hiyo inaweza kuwa kimeta na inaua watu, ita mtaalamu wa mifugo. Ninayoyasema hapa chini ni kwa mnyama ambaye bado yuko hai na ulimwona anakula nini.

Mtama ndo chakula chetu, ila mtama mchanga, au maotea yanayochipua baada ya kuvuna, au ule uliodumaa kwa ukame kisha mvua moja ikapiga ukachipuka upya, una kitu kinachozalisha sayanaidi pale jani linapotafunwa. Kwa ng'ombe ni mbaya zaidi kwasababu vijidudu vya tumboni mwake vinaitoa sayanaidi haraka. Ndani ya dakika chache mpaka saa moja mbili anahema kwa nguvu, anatetemeka, anayumba, anaanguka.

Angalia fizi na ndani ya macho. Nyekundu inayong'aa sana? Huo ni ugonjwa wa injini na ndo mfano wa wazi kuliko wote ninaoujua. Sayanaidi inashika protini ya mwisho kwenye mnyororo wa mitokondria, ile inayopokea oksijeni. Mapafu yanafanya kazi, damu imejaa oksijeni, imefika mpaka kwenye seli na imeingia ndani, mlango uko wazi kabisa, lakini hakuna wa kuipokea. Ndo maana damu ya mishipa ya kurudi bado ni nyekundu, imerudi na oksijeni yake. Mnyama anakosa hewa akiwa katikati ya hewa.

Kama fizi ni za kahawia, damu rangi ya chokoleti, hiyo sio sayanaidi, ni naitreti, nayo inakaa kwenye mimea ile ile iliyodumaa kwa ukame hasa shamba lenye mbolea nyingi. Yenyewe haigusi injini, inaharibu damu isibebe oksijeni. Kutofautisha ni muhimu kwasababu sindano ni tofauti, ya sayanaidi daktari anatumia naitraiti ya sodiamu (sio naitreti, majina yanafanana tu) pamoja na thayosalfeti, na hiyo naitraiti ukimpa mnyama aliyekuwa na sumu ya naitreti unammalizia, yeye dawa yake ni methilini bluu. Kwahiyo ukimpigia daktari simu mwambie rangi ya fizi na alichokula, usimwambie tu "ng'ombe anaumwa", na wengine wote watoe kwenye lile shamba wakati unapiga simu.

Kuzuia: usiingize mifugo mpaka mtama upite kiuno, wala kwenye maotea, na usiwaingize wakiwa na njaa kali. Ukikata ukaanika juani mpaka ukauke vizuri sayanaidi nyingi inapungua, ila naitreti haiondoki kwa kuanika, watu wengi hapo wanachanganya. Na kwa binadamu ni hivyo hivyo kwa mihogo michungu, miaka ya njaa watu wanafupisha kuloweka na kuanika, siku zinazopunguzwa ndo sumu inayobaki kwenye unga.

Mtoto anaharisha, anakunywa ila anazidi kukauka

Hili naliandika kwa uchungu kwasababu kwenye ukoo wetu mtoto aliwahi kupewa soda siku nzima, kwa mapenzi kabisa, na hali ikawa mbaya zaidi usiku. Alipona. Ila niliona jinsi mtu anavyoweza kumkausha mtoto huku anamnywesha.

Kwenye kipindupindu kwa mfano, sumu ya yule bakteria inafungua mlango wa kloraidi (kloraidi na sodiamu ndo zinaunda chumvi) kwenye seli za utumbo na kuuacha wazi, kloraidi inamwagika nje, sodiamu inaifuata, na maji, kama kawaida yake, yanafuata. Seli haijafa, injini inafanya kazi, ni mlango mmoja umekwama wazi. Na bahati ambayo imeokoa mamilioni ya watoto duniani ni kwamba kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi, unaingiza sodiamu 2 na glukosi 1 kwa pamoja, kimoja bila kingine hakipiti. Robert Crane ndo aliuelezea mwaka 1960. Ukimpa maji matupu yanapita tu, ukimpa chumvi peke yake haiingii vizuri, ukimpa vyote viwili kwa kipimo, vinaingia na maji yanafuata kuingia ndani. Hiyo ndo ORS, hamna uchawi mwingine.

Sasa inapokataa kufanya kazi kagua hivi. Pakiti imewekwa kwenye maji kiasi gani? Pakiti ya lita moja ni lita moja, sio chupa ya nusu lita "iwe kali". ORS ya sasa, iliyokubaliwa na WHO mwaka 2002, ina ukali wa osimosisi (yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake) 245 wakati damu ni kama 290, imepunguzwa makusudi kutoka 311 ya zamani ili iwe nyepesi kuliko damu na maji yaelekee ndani. Ukiweka pakiti nzima kwenye nusu lita umefika 490, maji yanatoka mwilini kwenda utumboni, anaharisha zaidi. Umeongeza sukari apende ladha? Kosa lile lile. Soda ina sukari kama gramu 100 kwa lita, ORS ina gramu 13.5, na soda haina chumvi ya maana ya kufungua ule mlango, kwahiyo sukari inabaki utumboni inavuta maji. Juisi za dukani zenye sukari nyingi ni hivyo hivyo.

Anatapika? Subiri dakika 10 afu rudia kwa kijiko, polepole, kijiko baada ya kijiko, usimpe kikombe kizima. Anayenyonya aendelee kunyonya. Iliyochanganywa jana imwage, ni saa 24 tu. Pakiti hamna kabisa na usiku umeingia, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, na ukionja isiwe na chumvi kuliko machozi. Zinki pia, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14, chini ya miezi 6 ni miligramu 10.

Na ORS haiharakishi kuharisha kukoma, inarudisha maji, wengi wanaiacha wakidhani imeshindwa kisa bado anaenda chooni. Kitu cha kuangalia ni mtoto, anakojoa? Machozi yapo? Macho yakizama, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, akiwa hawezi kunywa, anasinzia kupita kiasi, au choo kina damu, usikae nyumbani kusoma maelezo ya mtu yeyote, kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Unga haujaumuka, juisi ya zabibu imegoma kuchachuka

Hamira ni seli hai, kwahiyo maswali ni yale yale. Uliweka maji ya moto? Yakifika kwenye nyuzi 50 hivi na kuendelea inakufa, injini imeungua, anza upya na hamira nyingine. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba huku baridi inashuka, hamira haijafa, iko polepole tu, weka bakuli karibu na jiko usubiri. Chumvi umeimwagia moja kwa moja juu ya hamira, hiyo imenyonya maji ya seli, ni mlango.

Kwa wanaojaribu mvinyo nyumbani, zabibu zetu jua linazipa sukari nyingi sana, na sukari ikizidi inafanya kazi kama chumvi, inaivuta seli maji ikashindwa kuanza vizuri. Ikianza vizuri afu ikagoma katikati, mara nyingi ni joto, kuchachuka kwenyewe kunatoa joto na chumba chenye bati kinaongeza, au pombe yenyewe imeshafika kiwango cha kuharibu tando za hamira. Kumwaga hamira mpya juu ya hapo bila kupooza kwanza ni kuipeleka kufa pia.

Practical ya shule imegoma

Haya ni kwa wanangu wa kidato cha pili na cha sita. Kiazi ulichotoboa shimo ukaweka sukari hakijavuta maji, uliza kilichemshwa? Kikichemshwa utando umeharibika, hakuna mlango wa kuchagua tena, sukari inatoka yenyewe. Na ndo maana kiazi kilichochemshwa lazima kiwepo pembeni kama cha kulinganisha. Viazi vilivyokaa wiki mbili vimenywea vinavuta maji hata kwenye sukari nyepesi, usije ukasema nadharia imekosea, nunua vipya sokoni Majengo asubuhi ile ile. Vipande vyenu vifuteni maji kwa namna moja kabla ya kupima, mmoja akikamua na mwingine akigusa tu mtapata majibu mawili ya kiazi kimoja.

Maji ya chokaa ya kupimia hewa ya ukaa yaligeuka meupe afu yakarudi kuwa angavu, hujakosea, hewa ya ukaa imezidi na ile chokaa imeyeyuka tena, andika ulichokiona cha kwanza. Hayakugeuka kabisa, angalia kama chupa ya maji ya chokaa ilikaa wazi kabatini tangu muhula uliopita, yalishakutana na hewa zamani.

Na ile ya mbegu zinazoota kwenye thermos kupima joto, kama thermos ya mbegu zilizochemshwa nayo imepanda joto siku ya tatu, hizo mbegu hazijafufuka, ni kuvu na bakteria wanazila, injini zao ndo zinatoa lile joto. Rudia, na safari hii osha mbegu zote kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuzifunga, zile hai na zile zilizochemshwa, mdomo uzibe kwa pamba sio kwa kizibo, maana zilizo hai zinahitaji oksijeni.